Washiriki hawajakataa, mmewachekecha wenyewe

Swali la msomaji: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, maabara yetu inafanya utafiti wa kumbukumbu kwa kutumia EEG (kofia inayopima umeme wa ubongo) na MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo). Shida ni kwamba watu wa jamii za wachache na watu wa kipato cha chini tunawapata kidogo sana, na hata hao wanaokuja, data zao nyingi zinaishia kutupwa. Msimamizi wangu anasema tuongeze matangazo, na ikishindikana tuandike kwenye sehemu ya mapungufu kwamba sampuli haikuwa mchanganyiko. Hiyo inatosha? Na kofia yetu ya EEG inasumbua kwenye nywele nzito, tununue nyingine au?

Mdogo wangu, asante kwa swali, na hongera kwa kuuliza mapema, maana wengi wananitafuta ripoti ikishaandikwa na hapo kilichobaki ni kuomba radhi tu ukurasa wa mwisho.

Matangazo hayatoshi. Yani inawezekana kabisa mkaongeza matangazo mara tatu na mwisho wa siku mkabaki na sampuli ileile, kwa sababu watu wenu hawapotei kwenye tangazo, wanapotea ndani ya maabara. Tumezoea kusema "jamii fulani hazipendi kushiriki" kana kwamba walikaa kikao wakakataa. Mara nyingi hakuna aliyekataa. Sisi ndo tumewachekecha, tundu baada ya tundu, alafu tunashangaa kwenye chekeche kimebaki nini.

Kwaiyo kabla hujabishana na msimamizi fanya kitu kimoja, hesabu. Wangapi walipiga simu au kuandika, wangapi walipita maswali ya usalama na vigezo, wangapi walifika kweli, wangapi walimaliza, na wa mwisho kabisa, wangapi data zao zimebaki kwenye uchambuzi. Kwenye kila hatua angalia ni kina nani waliobaki na kina nani walioondoka. Maabara nyingi zinatunza namba ya mwanzo na ya mwisho tu, huku katikati hakuna anayejua, na katikati ndo kuna kila kitu. Ukishaona kwamba mfano watu wenye misuko walifika kumi na wakabaki wawili, hutahitaji tena kuandika insha ndefu ya kumshawishi mtu.

Nikupe kisa changu mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo nikiwa msaidizi kwenye maabara moja, alikuja binti mmoja kwa ajili ya EEG, nywele zake za asili, nzito, amezifunga vizuri. Tulihangaika na zile elektrodi, vile vidude vya kunasa umeme kichwani, saa nzima na zaidi, jeli imejaa kichwa kizima, fundi anabonyeza kofia kwa nguvu mpaka binti anakunja uso, na kwenye skrini bado nukta nyekundu zimetapakaa. Mwisho mkubwa wetu akasema mbele yake, "nywele zake hazifai". Hazifai! Kofia ndo ilikuwa haifai, nywele zilikuwa zake toka anazaliwa. Tukamlipa, akaondoka na kichwa kimelowa jeli bila hata sehemu ya kukiosha, na sidhani kama alimwambia rafiki yake yeyote aje. Kwenye daftari letu tuliandika "data mbovu" na maisha yakaendelea. Sa we fikiria mistari ya namna hiyo iko mingapi kwenye madaftari ya dunia nzima.

Kitaalamu ishu iko hivi. Umeme wa ubongo unaofika kwenye ngozi ya kichwa ni mdogo mno, tunapima kwa mikrovolti, yani sehemu ya milioni ya volti, kwaiyo elektrodi isipogusa ngozi vizuri unachorekodi ni kelele. Hans Berger alirekodi EEG ya kwanza ya binadamu mwaka 1924, na mpangilio wa kuweka elektrodi tunaoutumia mpaka leo, ule wa 10-20, ulichapishwa 1958, na muda wote huo kofia zimetengenezwa zikiwazia nywele laini zinazolala, ambazo ukizigawa zinabaki zimegawanyika. Nywele za kipilipili zinarudi juu kama springi, zinaibeba kofia na kuinyanyua. Kumwambia mtu anyoe au afumue misuko ya wiki nzima ili ashiriki utafiti wa saa moja, kwa kweli huo sio mwaliko.

Sa kuna mwanafunzi mmoja wa Carnegie Mellon huko Marekani, Arnelle Etienne, hakuwa hata na digrii ya kwanza bado, yeye akaligeuza swali. Badala ya kuuliza nywele zifanywe nini ili zikubaliane na kofia, akauliza elektrodi ifanywe nini ili ikubaliane na nywele. Wakasuka mistari inayofuata mpangilio wa 10-20, ngozi ikabaki wazi pale pale elektrodi inapotakiwa kukaa, alafu wakatengeneza vishikizo vinavyojibana chini ya mistari hiyo na kuisukuma elektrodi iguse ngozi. Wakaziita Sevo, neno la Kikreoli cha Haiti lenye maana ya ubongo, na kazi ikatoka 2020. Ukinzani wa umeme, yani kizuizi kati ya elektrodi na ngozi, ukashuka sana kuliko kwa njia ya kawaida. Kilichonifurahisha ni kwamba utaalamu uliotatua tatizo ulikuwa wa msusi, na wasusi wapo kila mahali, ni sisi tu hatukuwahi kuwauliza kitu.

Vifaa vya mwanga navyo, vile vya fNIRS vinavyopima ubongo kwa kumulika mwanga kupitia kichwani, vina shida hiyo hiyo tena mara mbili, maana nywele nyeusi nzito zinazuia mwanga na melanini ya ngozi nayo inaumeza. Sio kwamba haiwezekani, kule Keneba nchini Gambia mradi wa BRIGHT umetumia mwanga huo huo kufuatilia ubongo wa watoto wachanga toka wanazaliwa, sambamba na watoto wa Cambridge, Uingereza. Ila kama mnafikiria kununua kifaa cha hivyo, muulizeni muuzaji kimejaribiwa kwenye ngozi na nywele za aina gani kabla hamjasaini chochote, na akijibu kwa kuzungukazunguka mmeshapata jibu.

Kwenye MRI watu wanadhani nywele hazihusiki. Zinahusika. Wigi na wivingi nyingine zina vibanio au nyuzi za chuma, na kuna za sumaku kabisa, na hiyo sio ya kuipeleka kwenye mashine ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Misuko minene au dredi zilizofungwa juu zinaweza kumfanya mtu asiingie vizuri kwenye koili ya kichwa, kile kifaa kinachozunguka kichwa ndani ya mashine. Wanaojifunika kichwa wanataka kujua nani atawaona bila mtandio na kama kuna kitambaa kisicho na pini watakachopewa. Vyote hivi vinatatulika kwa simu moja kabla ya siku yenyewe, mtu akaambiwa aje vipi na ajiandae na nini, lakini kama fomu yenu inasema tu "vyuma haviruhusiwi" basi mtu atafika, ataambiwa avue wigi mbele ya vijana wawili asiowajua, na atageuza aondoke. Na hapo tena mtaandika "mshiriki alijitoa". Mwili nao uko hivo hivo, skana za zamani tundu lake lina sentimita 60 na mpya zinafika 70, na mtu mnene ambaye hakuambiwa kitu kabla anaujua ukweli huo akiwa amelala kwenye kitanda cha mashine watu wanamwangalia.

Alafu kuna vigezo vyenu. Naomba uviprinti uvisome kimoja kimoja ukijiuliza hiki kiliwekwa kwa sababu ya swali la utafiti au kilirithiwa tu. Wanaotumia mkono wa kushoto, karibu mtu 1 kati ya 10, wamekuwa wakitolewa kwenye tafiti za fMRI (MRI inayoonyesha ubongo ukifanya kazi) miaka nenda miaka rudi kisa kwa baadhi yao lugha haikai upande uleule wa ubongo. Kama unasoma lugha sawa, nakuelewa. Kama unasoma kitu kingine kabisa, wametolewa kwa mazoea. Wenye dawa za presha wanatolewa, wenye sukari wanatolewa, asiyezungumza lugha ya maabara kama mzawa anatolewa, na ukumbuke maradhi hayajasambaa sawa kwa matajiri na maskini, kwaiyo kigezo cha "awe mzima kabisa" kinachagua tabaka bila kulitaja.

Kigezo kinachouma zaidi ni cha kutikisika, maana hicho kinakuja baada ya mtu kuvumilia kila kitu. Mtu amelala saa nzima kwenye mashine, alafu programu inasema alitikisika, data zake zinafutwa. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani unaitwa ABCD, una watoto zaidi ya 11,000 walioanza wakiwa na miaka 9 mpaka 10, kwenye vituo 21, na waliujenga kwa makusudi uwe na mchanganyiko. Uchambuzi uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba ukitumia vigezo vikali vya kutikisika kwenye picha za ubongo uliopumzika, wanaobaki hawafanani na walioingia, wanaoondoka zaidi ni wavulana, watoto wa jamii za wachache, wa familia zenye kipato cha chini. Yani umetumia hela nyingi kuwaleta alafu umewatoa kwa mstari mmoja wa programu ya kompyuta. Dawa zipo, mshiriki ajaribishwe kwanza kwenye skana ya uongo azoee zile kelele, watoto wawekewe filamu maana wengi wanatulia wakiangalia kitu, tumieni njia za kusahihisha mtikisiko badala ya kukimbilia kufuta, na vyovyote iwavyo, ripotini waliofutwa walikuwa kina nani.

Sa hoja ya msimamizi wako ya kuandika tu kwenye mapungufu. Nisikilize vizuri hapa maana ndo tunapodanganyana sana. Sentensi ya mapungufu inabaki kwenye makala, ila namba zenu zinasafiri. Zinaingia kwenye atlasi, yani ramani za ubongo, kwenye modeli za kompyuta, kwenye viwango vya "ubongo wa kawaida" atakavyopimiwa mgonjwa ambaye hajawahi kusikia hata jina la maabara yenu. Atlasi maarufu ya Talairach na Tournoux ya 1988 ilitengenezwa kutoka ubongo mmoja wa mwanamke wa Ulaya wa miaka 60, mmoja!, na kwa miaka mingi watafiti dunia nzima wakawa wanaelezea mahali kwenye ubongo kwa kuunyoosha ubongo wa kila mtu ufanane na wa yule mama. Ile iliyofuata ya Montreal ikachukua wastani wa watu 152, ni afadhali sana, lakini bado walikuwa vijana wa sehemu moja. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, walitumia walichokuwa nacho, na kila aliyekuja baada yao akajenga juu yake.

Kwenye modeli ndo unaona madhara waziwazi. Mwaka 2022 kwenye jarida la Science Advances ilitoka kazi iliyotumia data za ABCD na za Human Connectome Project, mradi mwingine wa picha za ubongo, wakafundisha kompyuta kutabiri tabia na uwezo wa mtu kutoka kwenye mawasiliano ya sehemu za ubongo. Kwa sababu wengi kwenye data walikuwa Wamarekani weupe, modeli ilikosea zaidi kwa Wamarekani weusi. Walipofundisha kwa kutumia Wamarekani weusi peke yao mambo yalipanda, ila bado hayakufikia kiwango cha weupe. Hiyo sehemu ya pili isome mara mbili, maana inakwambia tatizo sio idadi tu. Vipimo vyenyewe, yale maswali, atlasi, hatua za kusafisha picha, vyote vilishakatwa kwa kipimo cha mwili mmoja, kwaiyo hata ukijaza chumba watu wapya, nguo bado inawabana.

Na usije ukafikiri sampuli kubwa inakuokoa. UK Biobank, hifadhi kubwa ya data za afya ya Uingereza, iliwaalika watu zaidi ya milioni 9, wakaitikia kama asilimia 5.5, wakafika nusu milioni wa miaka 40 mpaka 69. Ni hazina kubwa, mimi mwenyewe naitumia na naiheshimu, lakini walioitikia ni wazima zaidi na wanaishi maeneo yenye nafuu zaidi kuliko watu wengine wa nchi yao. Nusu milioni waliochekechwa bado wamechekechwa.

Hapa kuna mtego mwingine ambao wenye nia njema ndo wanaingia. Mkishapata watu mchanganyiko mtataka kuwagawa kwa rangi mlinganishe ubongo. Tafadhali taratibu. Kazi moja ya 2023, ya data hizo hizo za ABCD, iliangalia tofauti ndogo za ujazo wa maeneo fulani ya ubongo kati ya watoto weusi na weupe, ikakuta sehemu yake inaelezeka na ugumu wa maisha waliokutana nao, na kipato cha nyumbani kikawa kinajitokeza kuliko vyote. Kama wasingepima kipato na misukosuko, ile tofauti ingeandikwa kama ni ya rangi na leo kuna mtu angekuwa anaitumia vibaya sehemu. Kwaiyo pimeni maisha, usingizi, kipato, hewa wanayovuta, ubaguzi waliokutana nao. Rangi kwenye fomu inakwambia mtu alichukuliwaje na jamii yake, haikwambii ubongo wake umeumbwaje.

Kuhusu kuaminiana nitasema machache maana naona limeandikwa mpaka limechosha, ila kuna kitu watu wanakiruka. Tunasema wanatuogopa kwa sababu ya Tuskegee huko Marekani, ambako wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba kuanzia 1932 mpaka 1972 ili waangaliwe tu. Kweli. Lakini angalia kisa cha Wahavasupai, kabila la wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, hao hawakukataa, walitoa damu yao kuanzia 1990 kwa ajili ya utafiti wa kisukari, baadae wakagundua imetumika kusoma skizofrenia, ugonjwa wa akili, na asili ya uhamaji wao, mambo ambayo hawakuulizwa. Kesi iliisha 2010, chuo kikuu kilichochukua damu hiyo kikawalipa dola 700,000 na kurudisha sampuli. Waliamini kwanza, ndo wakaumia. Kwaiyo mtu akikuuliza picha ya ubongo wangu itaenda wapi baada ya hapa, usimwone mgumu, hilo ni swali zuri kuliko yote na fomu yenu ya ridhaa iwe na jibu lake kwa lugha ya kawaida, nani ataiona, itashirikishwa kwa nani, akitaka ifutwe inafutika au haifutiki. Wasan wa kusini mwa Afrika walipochoka waliandika kanuni zao wenyewe za watafiti mwaka 2017, heshima, uaminifu, haki, kujali, na kufuata utaratibu. Kaeni na watu wa jamii husika kabla ya kuandika pendekezo, mkija kwao na fomu iliyokwisha kugongwa muhuri hamjaja kuomba ushauri, mmekuja kutoa taarifa.

Jambo moja la MRI ambalo hamjaligusa na lazima mlipange. Kwenye skani za watu wanaojiona wazima, karibu asilimia 2.7 hukutwa na kitu ambacho hakikutarajiwa, uvimbe, mshipa uliovimba, vitu kama hivo. Ukiskani watu 100 tegemea wawili watatu. Mwenye bima utamwambia nenda kwa daktari wako. Asiye na bima wala daktari utamwambia nini? Ukimpa habari kama hiyo na kumwacha mlangoni umemwongezea mzigo, na jamii yake itasikia. Huyo mtu awe ameshapangiwa pa kwenda kabla mshiriki wa kwanza hajalala kwenye kitanda.

Kuhusu hela, najua msimamizi atasema haya yote ni gharama. Baadhi ni gharama kweli, nauli, mtu wa kushika mtoto wakati mama yuko ndani ya skana, kufungua jioni na wikiendi kwa watu ambao wakikosa kazi siku moja hawalipwi. Mwambie tu kwamba kila data mnayoitupa nayo mlishailipia, saa ya skana ni ileile data zibaki au zitupwe. Vifaa navyo vinabadilika, kuna MRI ya kusukumwa ya Hyperfine yenye nguvu ya tesla 0.064 tu inayochomekwa kwenye umeme wa kawaida wa ukutani, iliruhusiwa Marekani 2020. Picha zake hazifikii za tesla 3, sitakudanganya, na kwa swali lenu la kumbukumbu sidhani itawatosha peke yake, lakini inamfuata mtu alipo badala ya yeye kuifuata, na kwa maswali mengine hiyo inatosha kabisa.

Sa kofia. Msinunue kwanza. Chukueni hiyo mliyo nayo, tafuteni msusi mzoefu mumlipe kama mnavyomlipa mtaalamu mwingine yeyote, mkae nae nusu siku na ramani ya 10-20, muone mistari inapita wapi na elektrodi zenu zinakaaje katikati yake. Wawekeni kwenye ratiba wenye nywele nzito muda mrefu zaidi toka mwanzo, ili fundi asikimbizane na saa, na wapigieni kabla kuuliza nywele ziko kwenye hali gani wiki hiyo. Wekeni sinki, maji ya moto, taulo, mafuta na kitana kipana, nakuomba usicheke, hivyo ndo mimi ninavyoangalia kwanza nikiingia maabara ya mtu. Mkishajaribu hivyo kwa watu kama kumi na ukinzani bado haushuki, hapo niandikie tena ukiniambia ni elektrodi zipi hazishiki, za mbele, za utosini au za kisogoni, maana jibu la kununua nini linategemea hapo.